Puseti ya Miguu Mitatu

Hénock alichagua puseti, kigari cha kumsukumia mtoto, kama mtu anayenunua lori. Alipiga magurudumu mateke, akainama kuchungulia chini, akashika mpini na kuutikisa mpaka Tata Rémy, mwenye duka, akaweka chini kikombe chake cha chai.

Lilikuwa duka la vitu vya mitumba pale Manika, ambapo kila kitu kilikuwa kimetumiwa kwanza na Wazungu: friji zenye stika za watoto wa watu, baiskeli za mazoezi zisizokwenda popote, na puseti kumi na moja zilizofungwa kwa mnyororo mmoja kama wafungwa waliokamatwa pamoja. Wivine alisimama kando, Merdi wa miezi mitatu amelala mgongoni mwake ndani ya kitenge. Moyoni alikwisha kuchagua zamani. Ilikuwa ile ya buluu, ya magurudumu manne, yenye paa la maua na kengele ndogo.

"Angalia hii," alisema. "Iko na kengele."

"Kengele itabeba mutoto?" Hénock hakugeuka. Alikuwa amepiga magoti mbele ya ile ya miguu mitatu, nyeusi, isiyo na ua hata moja, yenye gurudumu moja kubwa mbele kama la baiskeli. "Tata Rémy, hii inabeba kilo ngapi?"

"Mutoto yenu eko na kilo ngapi?"

"Sita," Wivine akajibu.

"Basi inabeba kilo sita."

"Sikuuliza mutoto," Hénock akasema. "Nauliza puseti."

Tata Rémy alimtazama vizuri. "Mi nauzisha hapa tangu zamani. Bamama banaulizaka rangi. Batata banaulizaka bei, kisha banaguna. We njo wa kwanza kuniuliza tonaji."

Hénock hakucheka. Alivuka barabara, akaazima mfuko wa unga wa kilo ishirini na tano kwa mama mmoja, akaulaza ndani ya puseti na kuusukuma juu ya mashimo ya barabara, kwenda na kurudi. Akaazima wa pili, akaongeza. Watu wakaanza kusimama. Muuza samaki wakavu alimsogelea Wivine, akamchungulia Merdi mgongoni, akauliza taratibu kama ni huyu peke yake au kuna mwingine, mkubwa zaidi, aliyebaki nyumbani.

"Mutoto anakuwaka mukubwa," Hénock akawaambia wote, jasho likimtoka. "Sitaki siku moja puseti imuvunjikie mu njia."

Hapo Wivine akasahau kengele. Katika mtaa wao kulikuwa na wanaume waliosahau hata siku za kuzaliwa za watoto wao, na wengine waliosahau watoto wenyewe. Wake alikuwa anasukuma kilo hamsini za unga kwenye vumbi jekundu, mchana kweupe, mbele za watu, ili ajue kama mwanawe atakuwa salama. Kama si haya angemkumbatia palepale kati ya friji mbili.

Wakaichukua ya miguu mitatu.

Mama yake Wivine, Mama Tshiela, alipata habari kwa simu kule Kasaji.

"Mugongo yako iko na nini?" akauliza. "Unagonjwa?"

"Hapana, mama. Mugongo iko muzima."

"Sababu mi nilikubeba we kwa mugongo, mihogo kwa kichwa, na mimba ya ndugu yako kwa tumbo. Sikuombaka mutu gari."

"Hénock njo alitaka. Anapenda mutoto sana, mama. Kabla ya kumushika, ananawa mikono mara tatu."

Hilo lilikuwa kweli. Hénock alikuwa mchimbaji. Alishuka shimoni kutafuta shaba na kobalti, na aliogopa vumbi la mawe yale kuliko alivyoogopa shimo. Nguo zake za kazi hazikuingia chumbani. Siku moja Wivine alipoegemeza jiwe moja la kijani karibu na sufuria, kwa kuwa lilikuwa zuri, Hénock alilitoa nje kwa koleo na kumwambia kwamba mawe hayo hayakai mahali anapolala mtoto. Mama Tshiela alisikia yote hayo, akasema, "Ee," kwa sauti ya mtu anayeweka neno akibani. Wiki mbili baadaye akatuma kwa lori blanketi la sufu ya njano, alilolifuma kwa mikono yake, lenye ukingo wa kijani. Ili mjukuu, kama hakuna mgongo, apate joto mahali pengine.

Lakini aliyebadilika zaidi kwa ajili ya puseti ile alikuwa Tantine Kabedi.

Tantine Kabedi alikuwa dada wa marehemu baba yake Hénock, na ndiye aliyebaki akiamua mambo ya ukoo. Hakuja kwenye harusi. Alituma ujumbe kwamba mguu unauma. Hakuja Merdi alipozaliwa. Ulikuwa mguu wa pili. Kwake Wivine alikuwa "ule wa Kasaji", na alilitamka kama mtu anayetaja mahali mvua ilipompigia. Wivine alilia kwa ajili hiyo zaidi ya mara moja, na kitu alichokitaka duniani baada ya afya ya mtoto kilikuwa siku moja kuitwa ndani ya nyumba ile na kupewa kiti.

Juma lile lile la puseti, Tantine akaja mwenyewe, miguu yote miwili mizima.

"Kwetu sisi," alisema, "mutoto wa kwanza wa mwanaume inafaa azoee nyumba ya baba yake. Kila siku, saa ya mchana, analala kwangu. Mpaka jino la kwanza litoke. Hénock hakukuambia?"

Hénock alikuna shingo. "Nilisahau. Njo desturi yetu."

Wivine hakujua desturi za watu wa kule kwa kina Hénock, na hakutaka kuuliza kama mgeni. Alikubali kabla sentensi haijaisha.

Basi ikawa hivyo. Kila siku saa nne asubuhi Hénock alipanda kutoka shimoni, akanawa mara tatu, akaingiza puseti chumbani kutandika. Godoro lake dogo alilishona yeye mwenyewe, kwa sindano, ulimi nje. Alipomaliza aliileta mlangoni, Merdi ndani, amefunikwa vizuri, amelala kama waziri. Wanawake wa mtaa walisimama kutazama. Mignonne, jirani wa ukuta mmoja, aliwahi kumwambia Wivine, "Wangu hata suruali yake hajui kukunja. We ulimuomba wapi huyu, tuende na siye?" Wivine alicheka kwa unyenyekevu, ule unyenyekevu wa mtu ambaye hauhitaji.

Mtaa wao haukuwa kama mitaa mingine. Chini yake kulikuwa na mawe yale ya shaba na kobalti, na watu walikuwa wamechimba sebuleni, chooni na chini ya vitanda, mpaka kampuni moja ikajenga ukuta kuzunguka eneo zima na kuacha mlango mmoja wenye bariyeri, kizuizi cha kuinuliwa na kushushwa. Jiwe lililotoka ardhini liliuzwa ndani ya ukuta, kwenye depo ya kampuni, kwa bei ya kampuni. Kulipitisha nje, kwenye depo za barabara ya Dilala ambako bei ilikuwa tamu zaidi, ulikuwa wizi, na watu walifungwa kwa wizi huo.

Kwenye bariyeri, askari wa kampuni wakitazama, alikaa mlinzi Josias, na Josias ndiye aliyepekua. Alipekua mabeseni, mikoba na magitaa ya kanisa. Aliwahi kuomba kijiko ili apekue chungu cha maharage. Lakini Wivine alipofika na puseti, Josias alisimama wima, akabana visigino, akampigia Merdi saluti.

"Patron mudogo anapita. Musimuamushe."

Bariyeri ikapanda. Wivine alipita akiwa na aibu kidogo na fahari nyingi. Aliamini mwanawe ana uso unaofungua milango.

Baada ya bariyeri kulikuwa na mlima hadi kwa Tantine. Wivine alisukuma kwa mwili mzima, jasho mpaka kisogoni. Wakati wa kurudi puseti iliteremka nyepesi, karibu imkimbie. Lakini kila kitu huteremka chepesi. "Ile ya miguu mitatu iko nzito," Hénock alikuwa amemwambia. "Iko chuma ya Ujerumani." Wivine hakuwa amewahi kusukuma puseti nyingine maishani. Ujerumani akaisamehe.

Na mwisho wa mlima kulikuwa na Tantine Kabedi mlangoni, mikono wazi. "Bwana yangu mudogo amefika." Alimtoa Merdi, akampa Wivine, kisha akaisukuma puseti nyuma ya nyumba yeye mwenyewe kwenda kuikung'uta vumbi. Mwanamke mwenye heshima yake, mwenye maumivu ya miguu, alikung'uta puseti kila siku, na hakukubali kusaidiwa. Wivine alikaa kwenye kiti. Kiti chenye mto. Akaletewa maji baridi, kisha bukari, ugali wa moto, na nyama, si ya mfupa. Siku moja Tantine alimwita "bibi yetu" mbele ya mgeni, na Wivine akarudisha tonge sahanini ili alisikie vizuri neno hilo.

Mwezi wa pili wa safari hizo blanketi la njano likapotea. Wivine alilitafuta kwenye kamba, kwa majirani, kila mahali. Hénock alitafuta naye, hata akalala kifudifudi kuchungulia chini ya kitanda. Akasema ni mbuzi wa Mignonne. Wivine na Mignonne hawakusalimiana siku nne kwa sababu ya mbuzi huyo.

Mwezi wa nne, Merdi akatoa jino. Wivine aliligonga kwa kijiko, likalia. Alipanda mlima siku hiyo kama amebeba cheti.

"Tantine, desturi imetimia. Jino njo hili."

Tantine Kabedi alifungua kinywa cha mtoto, akachungulia kama daktari, akakifunga.

"Hili ni la chini," alisema. "La chini ni la upande wa mama. La baba njo la juu."

"La juu litatoka siku gani?"

"Mungu njo anajua. Tuendelee tu."

Jioni Wivine alimsimulia mama yake kwa simu, akicheka. Mama Tshiela hakucheka. Alisema amekaa na watu wa ukoo ule miaka mingi kule Mutshatsha, alipouza makaa, na hakuwahi kusikia desturi ya meno yenye ghorofa. Wivine akakasirika, akakata simu. Tangu lini mama yake alifurahia kitu chake.

Siku ya Alhamisi iliyofuata, Josias alipiga saluti yake, bariyeri ikapanda, Wivine akaingia mlimani. Nusu ya njia Merdi alianza kulia. Jino la juu lilikuwa njiani na halikutaka kuja kimyakimya. Wivine akaimba, Merdi akazidi. Basi akafanya kile alichofanya mama yake na mama wa mama yake: akamtoa, akainama, akamrusha mgongoni, akafunga kitenge kwa mafundo mawili. Merdi akanyamaza mara moja, shavu begani.

Wivine akashika mpini, akasukuma.

Puseti haikusogea.

Alitazama breki. Breki ilikuwa wazi. Alibonyeza magurudumu, moja baada ya jingine, yote matatu yana upepo. Akasukuma tena kwa nguvu, ikapanda hatua moja ikiguna, na nguvu ilikuwa ile ile ya kila siku, jasho lile lile. Merdi, kilo nane, alikuwa mgongoni akipumua shingoni mwake. Puseti haikuwa na mtu, na haikupungua hata kidogo.

Kwa muda mfupi alifikiria uchawi. Ingekuwa nafuu.

Aliisogeza kando ya barabara, nyuma ya nguzo ya umeme, akaliinua godoro lile lililoshonwa ulimi nje. Chini yake kulikuwa na ubao, na ubao ule haukuwa wa Ujerumani. Akauinua. Mawe yalikuwa yamepangwa kwa ustadi, meusi na ya kijani, makubwa chini, madogo juu, hakuna nafasi ya kupitisha kidole. Na ili yasigongane, ili yasipige kelele hata kidogo mtoto anapopitishwa mbele ya walinzi, yalikuwa yamefungwa ndani ya blanketi la sufu ya njano lenye ukingo wa kijani.

Alikaa chini, kwenye vumbi, na kitu cha kwanza alichokumbuka kilikuwa mifuko ya unga. Kilo ishirini na tano, kisha nyingine. Watu wamesimama. Yeye karibu amkumbatie.

Kisha vingine vikaja vyenyewe, hakuviita. Saluti. Kiti chenye mto. Nyama isiyo ya mfupa. Mbuzi wa Mignonne. Mwanamume aliyenawa mara tatu ili ashike mtoto, kisha akamlaza juu ya mawe hayo hayo, kila siku, akamfunika vizuri. Alitafuta katika ile miezi minne kitu kimoja kilichokuwa chake, chake kweli, na hakupata.

Kando ya barabara kulikuwa na shimo kubwa la maji ya mvua, jekundu. Wivine aliyatupa mawe humo moja moja, bila haraka. Jiwe la mwisho lilikuwa la kijani, zuri kama lile aliloegemeza karibu na sufuria. Akalitupa pia. Akakung'uta blanketi mara nyingi kuliko lilivyohitaji, akalifunga kiunoni.

Angeweza kurudi nyumbani. Lakini alikuwa na swali moja dogo, na jibu lake lilikuwa juu ya mlima. Alisukuma puseti kwa vidole viwili.

Tantine Kabedi alikuwa mlangoni, mikono wazi. "Bwana yangu mudogo amefika." Mikono ile ikaja, ikampita Wivine, ikampita Merdi aliyekuwa anachungulia begani akicheka na jino lake moja, ikashika mpini wa puseti. Gurudumu la mbele likapanda juu lenyewe, kama farasi.

"Wivine. Sababu gani iko mwepesi?"

"Nini njo iko mwepesi, Tantine?"

"Puseti."

"Merdi eko mu mugongo. Puseti bila mutoto inafaa kuwa mwepesi, ao?"

Tantine alitazama kitenge, kisha blanketi kiunoni. Uso wake ukafanya hesabu. "Josias alikusimamisha? Haiwezekani. Josias anakulaka hapa kila siku ya Mungu, misa ikiisha."

"Kumbe naye eko wa nyumba," Wivine akasema.

Tantine aliingia ndani na simu, akiongea chini chini. Wivine alibaki amesimama uani. Kiti kilikuwa pale, na mto wake, hakukigusa. Aliwekeana sharti na nafsi yake, bila kumwambia mtu. Hénock atakuja kwa pikipiki. Neno lake la kwanza likiwa juu ya Merdi, yupo wapi, analia nini, basi atakaa, watapigana wiki nzima, na siku moja atamsamehe. Aliliomba neno hilo. Alikuwa tayari kulipokea hata likiwa dogo, hata likisemwa vibaya.

Pikipiki ilifika na vumbi lake. Hénock aliruka kabla haijasimama, na tope la shimo bado mikononi. Siku hiyo hakunawa hata mara moja.

"Wivine, umebiacha wapi?"

Alimwangalia, akasubiri kidogo, pengine kulikuwa na nyongeza.

"Mawe, Wivine. Iko kazi ya siku muzima ile. Biko wapi?"

"Mu maji."

Hénock alishika kichwa. Alizunguka puseti, akaichungulia chini kama siku ile Manika. Ndipo alipouona uso wa Wivine na kuanza kuongea haraka. Ni kwa ajili yao. Ni kwa ajili ya Merdi, asome, asishuke shimoni kama yeye.

"Wangenikamata," Wivine alisema. "Mi na mutoto. Wangeniuliza nimebeba nini, ningewaapia kwa Mungu nimebeba mutoto."

"Njo maana," Hénock akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa laini, karibu ya kusifu. "We uso yako haijue kudanganya. Ningekuambia, ungeogopa, na wangeona. Hakuna mutu angepita vile ulikuwa unapita. Nilikuaminia."

Wivine alilirudia neno hilo kichwani. Alikuwa amelisubiri tangu harusini.

"Hata ulipochagua," aliuliza, "pale kwa Tata Rémy. Mutoto alikuwa mu akili yako hata kidogo?"

Uso wa Hénock nao, siku hiyo, haukujua kudanganya.

Wivine akalitoa blanketi kiunoni, akalizungushia mgongo wa Merdi juu ya kitenge, akatoka hadi barabarani na kumwashiria mwendesha pikipiki wa kwanza.

"Gare," alisema. "Kwenye malori ya Kasaji."

"Na puseti, mama? Naweza kuifunga nyuma, iko na miguu mitatu tu."

"Iache. Iko na benyewe."

Nyuma yake alisikia Hénock akiita, kwanza jina lake, kisha, mwishowe, la Merdi. Lilichelewa kidogo tu. Pikipiki iliteremka mlima, ikapita mbele ya bariyeri, na Josias akainuka kwenye kiti chake, mkono tayari njiani kuelekea kwenye kofia. Aliona mgongo ulioongezeka mtoto na mikono isiyosukuma kitu. Mkono ukabaki hewani, ukajikuna sikio.

Kwenye malori, kati ya magunia ya chumvi na madumu ya mafuta, Wivine alimpigia mama yake. Mama Tshiela alipokea, ingawa walikuwa wameachana kwa ugomvi.

"Mama," Wivine akasema. "Uliniulizaka mugongo yangu iko na nini."

"Ee."

"Iko na Merdi. Tuko njiani."